Mbuzi Aliyekula Karatasi za Uingereza

Asubuhi hiyo niliamka Nshambya, nyumbani kwa kaka yangu, nikalitazama boksi langu pale pembeni mwa kitanda, na kabla chai haijachemka nilikuwa nimeshaanza kulijaza. Sikuwa na safari. Sikuwa nimegombana na mtu. Miguu ilikuwa inaniwasha tu, kama ilivyoniwasha siku ile nilipotoroka shule kwenda kuona meli inavyopakuliwa, nikasahau kurudi.

Shemeji yangu alikuwa ameshanizoea. Aliuliza kutoka jikoni bila kugeuka.

"Leo wapi, shemeji?"

"Sijui bado."

"Haya. Ukifika uwasalimie."

Vitu vyangu havikuwa vingi: shati la akiba, suruali, blanketi, sufuria ndogo, na redio iliyokufa ambayo nilikuwa naiwasha mara kwa mara kuona kama imebadili mawazo. Kitu cha maana kilikuwa boksi lenyewe. Lilitoka Ufini. Nililipata gatini Bukoba nilipokuwa kibarua wa kupakua mizigo. Lilikuwa limeleta chupa za dawa, na mwenye dawa alichukua chupa akaniachia boksi, maskini, asijue anaacha nini. Kuta zake zilikuwa za tabaka mbili, na katikati karatasi iliyojikunja mawimbi mawimbi kama ziwa lenye upepo mdogo. Ukiligonga kwa kidole lilijibu kama mlango. Nilikuwa nimelikalia, nimelilalia, na lilikuwa limenyeshewa Kemondo mchana kutwa, likakauka, likarudia umbo lake bila kunung'unika.

Mimi maboksi nimeyasoma kuliko vitabu. Nilipokuwa mtoto, kabla ya Uhuru, boksi lililofika madukani kwetu lilikuwa la Uingereza, na hata kama halikuandikwa ulilijua tu: zito, rangi ya chai ya maziwa, limekazwa kwa utepe wa bati uliokata vidole. Mhindi mwenye duka alipima sukari akaifunga kwa karatasi ya kaki, akizikunja pembe zake kwa adabu kama anakunja nguo za askofu. Ikifika nyumbani, sukari iliisha siku hiyo hiyo. Karatasi ilinyooshwa ikawekwa chini ya godoro, ikakaa miaka.

Baada ya Uhuru yakaongezeka maboksi ya Kenya, yaliyovuka ziwa kutoka Kisumu, mepesi kidogo lakini yenye bidii. Lilipokuja Azimio, yakaanza kuonekana ya China, membamba, yenye harufu ya kafuri, na mara mojamoja la Urusi, ambalo lilikuwa zito kuliko kitu kilichomo. Ukitaka kujua serikali inaelewana na nani, usingoje taarifa ya habari. Nenda nyuma ya duka utazame takataka. Majirani walipoanza kununiana, mimi niliona gatini kwanza. Maboksi ya Kisumu yalipungua, yakawa adimu kama senene wa kiangazi, ndipo redio za watu zikaja kutueleza sababu. Na nyakati hizo karatasi ya kufungia sukari ilikuwa imeshakwisha madukani. Ulikwenda na mfuko wako, na wakati mwingine ukarudi nao ulivyokuwa.

Jambo moja lilinisumbua. Kahawa yetu ilikuwa inaondoka ndani ya magunia ya katani, inakwenda kwa watu hao, na wao wanaturudishia karatasi. Nikamweleza kaka yangu jambo hili kwa kirefu jioni moja, nani alituletea karatasi zamani, nani anatuletea sasa, na ya nani inadumu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nitafute kazi.

Basi nililitia boksi begani, nikateremka mpaka Rwamishenye. Pale lilikuwepo lori la kahawa lililokuwa linarudi upande wa Muleba na magunia matupu. Dereva alininyooshea kidevu kwamba nipande. Juu ya magunia nilimkuta mzee amevaa koti la kijivu, amepakata furushi la magazeti lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Nilimwamkia. Aliitikia huku akiliangalia boksi.

"Kijana, hilo lina nini?"

"Blanketi, tata," nilijibu, kama tunavyowaita baba zetu.

"Boksi kama hilo kwa blanketi!" Alilibonyeza kwa gumba, likamrudisha. "La wapi?"

"Ufini."

"Hao ni marafiki?"

"Nadhani."

Aliridhika. Akaniambia kwamba yeye ni balozi wa nyumba kumi huko Ijumbi, anatoka kwenye semina mjini, na kwamba semina ilikuwa ndefu lakini mwishoni waligawiwa magazeti haya yenye picha. Aliyafungua pembe moja anionyeshe. "Haya ya Wachina. Haya ya Warusi. Haya hapa sijui ya nani, lakini na wao ni marafiki."

"Ya kusoma au ya kuvutia tumbaku?"

Ulikuwa wakati ambao sigara hazionekani, na kila mvutaji alijua nchi kwa moshi wake. Mzee alitazama mbele na nyuma, kana kwamba magunia yana masikio.

"Haya hayavutiki. Yana mng'aro. Nilijaribu Mrusi mmoja hapo nyuma, nikakohoa mpaka balozi wa nyumba kumi za jirani akaja kuuliza kuna msiba gani." Akashusha sauti. "Karatasi ya kuvutia ilikuwa ya Mwingereza. Nyembamba, inawaka polepole, haikusemi kwa majirani. Lakini hilo usiseme umelisikia kwangu."

Tulipopita Kemondo aliniuliza ghafla, "Unajua kubandika karatasi ukutani?"

"Najua," nikasema. Nilikuwa nimewahi kuona ikifanyika.

Ndipo akanieleza. Katika nyumba zake kumi alikuwepo mama mjane mwenye binti mmoja. Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, watu wa upande wa mwanamume wangekuja kuiona nyumba ya mchumba. Mwaka uliotangulia walikuja wengine, wa mchumba mwingine, na shangazi yao aliegemea ukuta. Nyumba ya mama yule ilikuwa ya udongo, tena udongo uliochoka.

"Alikuja na gauni jeupe," alisema balozi, "akaondoka na ukuta mgongoni. Hawakurudi."

"Na binti?"

"Yule wa kwanza hakumlilia. Huyu wa sasa atamlilia. Na mama yake ameapa, ikishindikana tena atahamia kwa kaka yake Karagwe, kwa aibu. Sasa mimi nyumba zangu ni kumi. Akihama zitakuwa ngapi?"

Tulifika Ijumbi jua likiwa bado juu. Nyumba ilikuwa ndani ya migomba, na kiwanja chake kilifagiliwa mpaka unaogopa kukanyaga. Mama mwenyewe alitoka akifuta mikono. Aliliangalia boksi, akaiangalia mikono yangu, akaniangalia mimi.

"Huyu ndiye fundi?"

"Ndiye," alisema balozi, aliyenijua tangu Rwamishenye.

"Atalala wapi?"

"Si unayo ile stoo ya kahawa ya marehemu?"

"Stoo ile siwezi kumpa mtu nisiyemjua. Leo atalala jikoni, na mbuzi." Akanigeukia. "Mwanangu, usinielewe vibaya. Kesho wageni wakiondoka wameridhika, tutazungumza habari za stoo. Wakiondoka kama wale wengine, utaondoka nao."

Niliingia kuuona ukuta. Ulikuwa upande wa benchi la wageni, na ukiupumulia tu unadondoka. Karatasi hazikukosekana. Marehemu alikuwa karani wa ushirika wa kahawa, na kwa miaka mingi alileta nyumbani magazeti ya zamani: ya Uingereza, yaliyokuwa yamegeuka rangi ya asali, na ya Nairobi, meupe kidogo. Juu ya hayo tulikuwa na marafiki wa balozi. Kilichokosekana ni gundi. Kwingine watu hupika uji wa unga wa ngano, lakini ngano ilikuwa hadithi wakati ule, na muhogo wa mama ulikuwa umekwisha.

"Na ndizi je?" akasema mama. "Kuna kitu gani ambacho ndizi haiwezi?"

Mimi ni mtoto wa huku huku. Nimekula ndizi, nimelalia majani yake, nimefunga mzigo kwa kamba yake, na nilipokuwa mdogo nilijikinga mvua chini ya jani lake. Sikuona kosa. Tulipika ndizi mbichi pamoja na maganda yake, binti akatwanga, mama akaongeza chumvi kidogo kwa sababu mkono wake haukujua kupika kitu bila chumvi, ikatoka gundi ya kunata vizuri sana. Nilijaribu kwa kidole changu na kidole kikakataa kuniachia.

Kubandika kwenyewe kulinipa raha ambayo sijapata kuieleza. Niliamua kufuata historia. Chini, karibu na sakafu, niliweka Uingereza, ukurasa kwa ukurasa, mabibi wenye kofia na farasi. Katikati nikaweka Nairobi, matangazo ya baiskeli na sabuni. Juu nikaweka Wachina na Warusi, matrekta na watu wanaocheka kwenye ngano. Balozi alisimama nyuma yangu akisimamia.

"Marafiki wapande zaidi," alisema. "Zaidi. Hapo sawa. Yule bibi mwenye kofia asionekane."

"Amekaa chini, tata. Wageni watamkalia."

"Vizuri."

Binti alikuwa ananipitishia karatasi. Kila mara alisimama kusoma, mpaka mama yake akamwambia kwamba akiolewa atasoma hadi achoke, sasa alete gundi. Jioni ukuta ulikuwa umependeza hata mimi nilishangaa. Nililala jikoni na mbuzi, ambaye alikuwa amenenepeshwa kwa maganda ya ndizi kwa ajili ya wageni hao hao. Alilala akinilamba vidole. Nilidhani amenipenda.

Asubuhi mama alitoa amri. Mlango uachwe wazi, gundi ipate upepo. Mbuzi afungwe uani, asije akaingia kwenye maharage. Na kila mtu aende ibadani, maana katika nyumba yake hakuna anayebaki Jumapili, fundi au si fundi. Tulikwenda. Mahubiri yalikuwa marefu na mazuri.

Tuliporudi, kamba ya mbuzi ilikuwa imenyooka kutoka kigingini hadi mlangoni, ikapotelea ndani. Mbuzi alikuwa amesimama na miguu ya mbele juu ya benchi la wageni, anatafuna taratibu, kama mtu anayesoma. Kipande cha ukuta, kile hasa cha nyuma ya benchi, kilikuwa kimebaki udongo mtupu, mviringo juu kama dirisha la kanisa, kwa kuwa kamba ilimruhusu kufika hapo na si zaidi. Uingereza yote ya sehemu ile ilikuwa imeliwa. Nairobi ilikuwa nusu. Trekta moja la China lilining'inia kwa gurudumu la mbele. Alikuwa amelamba gundi nyuma yake, karatasi akaiacha.

"Mawe!" alipiga kelele mama, akimwita mama yake kwa lugha ya kwetu, akaketi chini palepale na nguo yake ya kanisani. Binti alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza hayakukoma, na kicheko kikawa kimekwisha zamani.

Nilimwangalia mbuzi, nikaangalia lundo la maganda uani. Chakula chake cha kila siku tulikipika, tukakitia chumvi, tukakipaka ukutani.

Balozi alikuwa amesogea karibu na ukuta, mikono nyuma.

"Mbuzi huyu ana msimamo," alisema. "Ameula ukoloni, marafiki amewaacha."

"Balozi," alisema mama kutoka pale chini, "toka nyumbani kwangu kabla sijakupaka ndizi nawe uliwe."

Ng'ambo ya bonde, kwenye njia inayoteremka kati ya migomba, tuliona watu watatu. Wa mbele naye alivaa gauni jeupe.

Gundi ilikuwa imekwisha, na hata kama ingekuwepo, ingekauka lini? Binti alisimama mlangoni akiliangalia gauni lile linavyoshuka, amejishika kifua kwa mikono miwili. Mimi nikaenda jikoni, nikamwaga blanketi, sufuria, na redio kizingitini, nikachukua kisu cha kumenyea ndizi, na kwa mkono uliokuwa mzito kidogo nikalipasua boksi langu kwenye kona yake moja.

Likafunguka kama shuka. Sikuwa nimewahi kuliona lote kwa pamoja. Ndani yake mlikuwa na upana ambao hukuutegemea. Balozi alileta miiba ya mlimau, mirefu, na tukaipigilia kwa jiwe. Tulifanya haraka, na kwa haraka ile upande wenye alama ukatazama chumbani. Hapakuwa na muda wa kugeuza. Tulisukuma benchi, mama akajikung'uta, binti akaosha uso. "Hodi" ikasikika.

Walikuwa shangazi, mchumba mwenyewe, na mjomba mmoja ambaye sikumsikia akisema lolote hadi walipoondoka. Shangazi alikuwa mwembamba, mrefu, mlokole wa siku nyingi, macho yake yakiingia kila pembe kabla ya miguu. Kabla hajaketi alipitisha kidole ukutani, juu hadi chini, akakitazama kidole. Kilikuwa safi. Alipitisha tena. Akaketi, akaegemea, na nyuma yake Ufini ikamshika barabara. Mama alitoa pumzi ambayo nadhani aliishika tangu mwaka uliopita.

Binti alipiga magoti mbele yake na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi. Shangazi alichukua punje, akageuka kidogo kutafuta mahali pa kuweka ganda, ndipo akaona.

"Hii ni glasi ya nini?"

Sote tukageuka kuitazama. Glasi nyeusi, kubwa, yenye mguu mrefu, imechorwa karibu na sikio lake. Katika nyumba ya walokole.

"Ya maziwa," alisema balozi upesi.

"Maziwa yenye mguu mmoja?"

"Wenzetu wa nje, waitu," akaendelea kwa neno letu la heshima, "hata maziwa—"

"Balozi, nimefanya kazi miaka mingi jikoni kwa Wazungu wa misheni. Glasi hii naijua, na kilichokuwa kinaingia humo nakijua."

Mama alikuwa amefumba macho. Binti bado alikuwa magotini na kikapu chake. Nikaona hakuna mwingine wa kusema.

"Waitu, shangazi, hiyo si pombe," nikasema. "Ni lugha ya meli. Watu wa gatini wanatoka nchi nyingi na hawasikilizani, wengine hawakusoma, kwa hiyo mwenye mzigo anawachorea. Glasi maana yake humu mna kitu kinachovunjika, kama chupa za dawa zilizokuwemo, kishikwe taratibu. Huo mwavuli hapo, maana yake kisinyeshewe. Na mishale hiyo miwili, kisigeuzwe kichwa chini. Maboksi ya Mwingereza yaliandikwa maneno tu, ya Mchina yana maneno na picha. La Ufini linajua kuchora. Mimi nimebeba mizigo ya namna hiyo, na kama hukujua glasi ni nini, ulifukuzwa siku hiyo hiyo."

Shangazi alitafuna kahawa yake. Aliiangalia glasi, akauangalia mwavuli, akamwangalia binti aliyekuwa magotini chini ya alama hizo. Kisha akamgeukia mpwa wake.

"Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Rudia."

Kijana aliitazama glasi. "Kishikwe taratibu."

"Na mwavuli?"

"Kisinyeshewe."

"Haya. Na nyumba yako inavuja upande gani?"

"Upande wa jikoni, shangazi. Na kidogo chumbani."

"Basi utaezeka kwanza, ndipo uje kumchukua." Akamrudia mama. "Dada, mtatuvumilia mpaka paa liishe. Nyumba yenu tumeiona. Yetu ndiyo bado."

Binti aliinua uso. "Lakini shangazi, mimi si chupa ya dawa."

"Hujakaa bado na mpwa wangu, mwanangu. Utakuwa."

Baada ya hapo ilikuwa kicheko tu na chakula. Mbuzi hakuchinjwa. Tumbo lilikuwa limemvimba kama ngoma na alikuwa anakohoa, na nani angewapa wageni mnyama anayekohoa? Alikufa kuku badala yake. Shangazi alipokuwa anaondoka alimpita mbuzi pale uani, akasimama.

"Huyu amekula nini?"

"Magazeti," alisema balozi.

"Ya wapi?"

"Ya Uingereza."

"Ndiyo maana," akasema, akafungua mwavuli wake wa jua, akashika njia. Gauni lake lilikuwa jeupe mgongoni mpaka lilipopotelea kwenye migomba.

Nilirudi jikoni kukusanya vitu vyangu, sikuvikuta. Mama alikuwa ameshavipeleka kwenye stoo ya kahawa. Ilikuwa na kitanda cha mbao, dirisha la ukubwa wa sahani, na harufu ambayo mtu angeweza kuishi kwayo. Blanketi langu lilikuwa limekunjwa pembe nne, kwa adabu ya karatasi ya kaki.

"Nilidhani kesho nitaendelea," nikamwambia. "Labda Biharamulo."

"Utabebea nini?"

Nililikumbuka boksi. Nikalitazama kupitia mlangoni, limetulia ukutani na miiba yake, glasi, mwavuli na mishale, na juu yake lile trekta linaloning'inia.

"Boksi lile halitoki hapo mpaka harusi," alisema mama. "Na harusi inangoja paa, na paa lenyewe linangoja mabati, na mabati unajua mwenyewe."

Nilijua. Nilitundika shati langu kwenye msumari wa marehemu. Niliwasha redio, ilikuwa na msimamo wake uleule, nikaiweka dirishani. Ndipo nikakumbuka kitu.

"Mama, wanawasalimu kutoka Nshambya."

"Nani?"

"Shemeji yangu."

"Ananijua?"

"Hapana. Aliniambia nikifika niwasalimie."

Mama aliniangalia, mkono kiunoni.

"Basi umefika," akasema. "Sasa funga mlango huo, mbuzi asiingie."